Kosa la Bustanini ni Mali ya Nani?

Mwezi huu twataka kuwapa habari ya tuta moja la mchicha lililokufa. Huenda wengine watasema kwamba hilo ni jambo dogo la kujazia ukurasa. Walakini tuta hilo lilituletea swali ambalo hatukuweza kuliacha, nalo ni hili: mtu akikosea katika kazi ya mikono yake, na hasara ikawa yake peke yake, je, ana haki ya kulificha kosa lake? Au kosa hilo ni deni, naye yampasa kuwapa jirani zake habari yake?

Sisi wa nyumba hii twakaa Gombani, karibu na mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Wageni watokao bara waijua Gombani kwa kiwanja chake kikubwa cha mpira. Kisiwa chenyewe chajulikana kwa karafuu, na hivyo ni haki, maana tangu tufani kuu ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika zao hilo. Lakini mtu hawezi kupika karafuu akala. Mboga ya kila siku hutoka mahali padogo nyuma ya nyumba, penye matuta mawili matatu, ua wa makuti wa kuwazuia kuku, na ndoo ya maji iliyotobolewa kando kwa kutumika sana. Kazi ya mahali hapo hufanywa jioni, kazi nyingine zikiisha, na aghalabu hufanywa na wanawake.

Vuli iliyopita tulitengeneza tuta jipya. Tulipewa mbolea ya kuku, tukaichukua kwa makapacha mawili ingali mbichi, tukaitandaza jioni ile ile, na asubuhi yake tukapanda mchicha juu yake, na miche ya nyanya pembeni. Mbegu zilichipua vizuri. Siku ya sita ncha za majani zilianza kugeuka rangi kama zilizopitiwa na moto. Siku ya tisa tuta zima lilikuwa limelala. Mwenye kujua kazi hii amekwisha kutambua kosa letu. Mbolea mbichi ya kuku ina ukali mwingi. Inapooza hutoa joto, na hewa yake kali, ile iumizayo pua na macho, huunguza mizizi michanga. Yapasa kurundikwa, kutiwa maji kidogo, kugeuzwa mara kwa mara, na kuachwa miezi miwili au mitatu hata joto liishe na harufu yake iwe kama harufu ya udongo. Jambo hili tulipata kulisikia zamani. Tulikuwa na haraka tu.

Basi, tulifanyaje? Tuliing'oa mimea yote magharibi, kiza kilipoingia, tukaifukia. Siku ya pili tukanunua miche mingine sokoni, tukaipanda mahali pengine. Ua wa makuti ulitusaidia, kwa kuwa hapana mtu aliyeona.

Sasa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye sisi humwita Bibi, alikuwa ametuona tukichukua makapacha yale. Akapita mlangoni, na baada ya kuamkiana akauliza, "Wanangu, ile mbolea ya kuku yafaa?"

Tukamjibu, "Yafaa sana, Bibi."

Neno hilo, tukilipima, halikuwa uongo mtupu. Mbolea ya kuku yafaa sana, ikiisha kuoza. Lakini tulijua alilouliza, naye alijua kwamba tumejua. Wala hatukumdanganya kwa nia mbaya. Tuliona haya tu, kwani sisi ndio tuliokuwa tukiwashauri watu juu ya usafi wa bustani, na miezi michache nyuma tulikuwa tumesifiwa kwa bamia zetu.

Baada ya majuma mawili Bibi alikuwa hana tuta. Alikuwa ametia mbolea mbichi katika matuta yake yote matatu, akapanda mbegu zote alizonunua kwa fedha aliyopata kwa kuchambua karafuu, pamoja na mbegu za pilipili alizojiwekea mwenyewe tangu mwaka wa nyuma. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta ameketi kwenye kibao chake cha mbuzi, akikuna nazi. Hakutulaumu. Alisema, "Mkono wangu umeingia nuksi, wanangu. Mbolea ni ile ile yenu, na vyenu vimeota. Labda Mwenyezi Mungu hapendi nilime tena."

Twaomba msomaji aliangalie neno hilo. Hasara ya mbegu ilikuwa kubwa kwa mtu kama yeye, walakini haikuwa hasara iliyotuchoma zaidi. Bibi alikuwa ametafuta sababu ya kushindwa kwake, na kwa kuwa sisi tulikuwa tumeificha sababu ya kweli, aliiona ndani ya nafsi yake mwenyewe. Sisi tulitupa haya yetu juu ya ua, nayo ikamwangukia yeye.

Wako watu watakaosema kwamba twajilaumu kupita kiasi. Methali yasema, Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa methali hiyo sisi hatuna hatia, maana hatukulirudia. Tuta letu la pili lilimea vizuri sana. Lakini hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba methali hii, ijapokuwa ni nzuri, imeacha jambo moja. Kosa letu lilirudiwa. Lilirudiwa na mtu mwingine, katika ua mwingine, kwa fedha yake mwenyewe. Twadhani mambo mengi ya kazi huenda hivyo, si bustanini tu. Fundi huharibu mbao, akajifunza, akanyamaza; mwanafunzi wake akaharibu mbao. Mwalimu hugundua kwamba njia fulani ya kufundisha kusoma haifai, akaiacha kimya kimya. Mwalimu wa kijiji cha pili akaanza nayo mwaka unaofuata. Kila mmoja aweza kuapa kwamba hakurudia kosa lake, na kosa lenyewe likaendelea kuishi miaka mia.

Iko hoja nyingine iliyo na nguvu zaidi, hasa kwa sisi tukaao pwani. Hapa watu husifu sitara. Kumsitiri mwenzio, kutotangaza aibu ya nyumba ya mtu, ni adabu kubwa, nasi hatutaki kuidharau, maana tumesitiriwa mara nyingi na jirani zetu wasiokuwa wa dini yetu. Je, sitara hiyo haimfai mtu kwa aibu yake mwenyewe? Twajibu kwamba yamfaa, katika mambo mengi. Hapana anayelazimika kuweka maisha yake yote barazani. Lakini sitara ni nguo, na nguo hufunika mwili. Haifuniki shimo lililo njiani. Anayejua kwamba mwenzake anakuja kwa njia ile ile, naye ametandika mkeka juu ya shimo ili asionekane kwamba alianguka, huyo hajajisitiri, ametega. Kipimo ni hiki, kwa maoni yetu: je, yuko anayekaribia kufanya nilivyofanya? Akiwapo, ile habari si yangu tena peke yangu.

Wengine husema pia kwamba kusimuliwa hakumfai mtu kitu, ni mpaka aungue mwenyewe. Kuna ukweli ndani yake kwa watoto na kwa wakaidi. Sisi wenyewe tulipata kusikia habari ya mbolea mbichi, na bado tuliharakisha. Lakini tukikumbuka vizuri, tuliisikia kama amri: Usitie mbolea mbichi. Hakuna aliyetuambia, Mimi niliitia, na siku ya tisa sikuwa na kitu. Amri husahaulika upesi kuliko habari ya mtu unayemjua. Walimu wetu wafundishao makundi ya vijana na wamama watajua kama tumesema kweli.

Hapa twakumbuka kosa kubwa lililotokea katika nchi yetu ya bara, ambalo wazee wengi walilishuhudia. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, kutazama nchi itakayofaa kulimwa karanga, kwa kuwa mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Kwa majuma tisa walisafiri, na sehemu nyingi waliziona toka angani, ndani ya ndege. Wakashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa kwa mashine kubwa kubwa, pasipo kungoja matokeo ya shamba dogo la kujaribia. Mizizi ya vichaka ikavunja vyuma vya kulimia. Mvua haikutosha. Udongo, uliokuwa na mfinyanzi mwingi, ulipokauka ulikuwa mgumu kama tofali, hata karanga hazikuweza kung'olewa kwa urahisi. Januari 1951 Serikali ikatangaza kwamba mpango ule umeachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa karibu pauni milioni 36.

Watu huwacheka wale mabwana mpaka leo, na sisi tuliwacheka. Lakini kosa lao lilikuwa kubwa mno kufichika. Lilisemwa Bungeni na kuandikwa magazetini, na mtu yeyote atakaye kufungua shamba kubwa aweza kulisoma. Sisi wenye matuta madogo tuna heri ambayo wao hawakuitafuta, maana tuta ni lile shamba dogo la kujaribia. Kosa la hapo ni la bei rahisi. Mbegu za shilingi chache, majuma mawili, basi, umepata habari ambayo kijiji kizima kingeweza kuitumia. Nasi tuliichukua habari hiyo tukaifukia pamoja na mchicha.

Siku tatu baada ya kumwona Bibi tulirudi kwake. Twakiri kwamba siku hizo tatu tulizitumia kutafuta namna ya kusema ambayo ingetuacha na heshima yetu, wala hatukuiona. Tukabisha hodi, tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitika, "Marahaba, wanangu," nasi tukamweleza yote: mbolea, siku ya tisa, kung'oa gizani, na jibu tulilompa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe si mkono wangu." Akalirudia neno hilo mara mbili. Ndipo akatuuliza kwa ukali, kama mama awaulizavyo watoto wake, "Na mlipoona mimi naichukua ile mbolea, mbona mlinyamaza?" Hatukuwa na jibu. Tulimlipa mbegu zake za dukani, lakini zile za pilipili hazikuwa na bei, maana hazikupatikana tena.

Kisha likatokea jambo tusilolitazamia. Akaanza kutusimulia makosa yake mwenyewe. Alitwambia kwamba miaka mitatu mfululizo alipanda nyanya mahali pale pale, na kila mwaka zilinyauka zingali kijani, ghafula, kana kwamba zimekosa maji, na kadiri alivyozidi kumwagilia ndivyo zilivyozidi kufa. Hajapata kumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa wataambiana kwamba nyumba yake ina jicho. Nasi tulijua ugonjwa huo, kwani ulitupata pia. Ukikata shina karibu na ardhi na kulitumbukiza katika bilauri ya maji safi, utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini; hapo utajua kwamba ni ule mnyauko ukaao udongoni. Dawa yake si maji. Ni kung'oa mimea hiyo na kuichoma, na kutopanda hapo kwa miaka kadhaa nyanya wala biringanya wala pilipili, maana hizo ni jamaa moja na huambukizana. Mahindi yapandwe badala yake. Na mengine tulisimuliana jioni ile: mchicha uliopandwa msongamano kwa sababu mbegu hazikuchanganywa na mchanga mkavu, maji machache ya kila siku yalowanishayo juu tu, hata mizizi ikabaki juu juu na kuungua kaskazi ilipofika, tuta chini ya mwembe, penye kivuli cha kutwa, ambalo kila mmoja wetu alipata kulijaribu na kila mmoja alilitaja kwa aibu. Tulicheka sana juu ya mwembe ule.

Tangu siku ile rundo la mbolea liko katikati ya nyua zetu mbili, limefunikwa majani ya mgomba. Tuligeuza juma lililopita. Bibi huja jioni, hufunua majani, hutia mkono wake ndani mpaka kwenye kiwiko, akausikiliza kitambo, kisha hutwambia, "Bado, wanangu. Ingali na joto."