Je, Mtu Aweza Kufundishwa Kubuni?

Swali nitakalo kulichungua katika kurasa hizi ni la zamani, ila limevaa nguo mpya. Je, mtu aweza kufundishwa kusema neno ambalo hakufundishwa? Nililikuta mahali nisipolitazamia, katika masomo ya saksafoni yatolewayo kwa njia ya mtandao. Mwalimu yu katika nchi ya mbali, mwanafunzi yu chumbani mwake usiku, na baina yao pana kioo kidogo cha simu. Mwalimu huahidi kwamba akifuatwa kwa bidii, solo za mwanafunzi zitapendeza kuliko zilivyokuwa jana. Solo, kwa wasioizoea lugha ya wanamuziki, ni sehemu ya wimbo ambayo mpigaji mmoja huachiwa uwanja abuni papo kwa papo sauti zisizoandikwa popote, huku wenzake wakimshikia mwendo. Ahadi hiyo, basi, ina kitendawili ndani yake. Ikiwa kilichopigwa kilifundishwa, hakikubuniwa. Na ikiwa kilibuniwa, mwalimu adai ujira wa nini?

Wako wakatao shauri hili upesi. Husema kubuni ni kipaji, na asiyezaliwa nacho ajitafutie kazi nyingine. Maneno hayo yana ukweli kidogo na uvivu mwingi. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipopewa hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846, chombo chake kilielekea kwenye bendi za majeshi, na kwa miaka mingi hakikuwa na sifa ya kusema lolote la siri ya moyo. Waliokifundisha kusema ni Wamarekani Weusi, na hata wao hawakukifundisha kwa siku moja. Coleman Hawkins aliporekodi wimbo wa Body and Soul mwaka 1939, akaugusia tu ule wimbo wenyewe kisha akauacha na kujenga chake juu ya misingi yake, alikuwa amekwisha kupuliza hadharani kwa miaka karibu ishirini. Kipaji kilikuwapo bila shaka, lakini kilikwenda shule.

Yafaa pia tutazame kinachofundishwa hasa, maana wengi hubishana juu ya masomo haya bila kuyasikiliza. Chukua mfano wa bluzi ya vipimo kumi na viwili. Katika kipimo cha tano kordi hubadilika, na sauti ya tatu ya kordi ya kwanza hushuka nusu hatua tu ikawa sauti ya saba ya kordi ya pili. Mpigaji aijuaye nusu hatua ile, akaikanyaga kwa wakati wake, msikilizaji husikia mlango umefunguliwa, ijapokuwa hajui jina la mlango. Asiyeijua hupanda na kushuka ngazi ile ile ya sauti kama mtu aliyepotewa na ufunguo. Mwalimu mwema hufundisha jambo hilo. Hufundisha pia kwamba kifungu kidogo kilichokwisha kusemwa hurudiwa kikageuzwa kidogo, kisitupwe na kutafutwa kingine kila mara; na kwamba pumzi ambayo mpulizaji hana budi kuivuta yaweza kuwa sehemu ya usemi wake. Haya yote hufundishika, na mtandao huyafundisha vizuri kuliko zamani. Wapigaji wa kale walipotaka kuikamata solo ya haraka walipunguza mwendo wa santuri kutoka mizunguko 33 hadi 16 kwa dakika, na sauti yote ikashuka oktava nzima. Leo kijana hupunguza mwendo kwa kidole, na sauti haishuki hata kidogo.

Sisi tuliolelewa na ushairi hatuna haki ya kuyastaajabia haya. Mshairi ajibuye papo hapo mbele ya watu, akashika vina vya mwenziwe na mizani kumi na sita katika kila mstari, hakuzivumbua mizani hizo usiku ule. Alizisikia utotoni, akazikariri, akaiga, akakosea, akachekwa. Hakuna amwambiaye kuwa shairi lake si lake kwa sababu mizani ni ya wote. Kanuni ndizo zilizompa mahali pa kusimama. Lakini hebu tumtazame mshairi huyo tena. Kilichomfanya aseme si mizani. Ni kwamba mwenziwe ametangulia kusema, tena labda amemfumbia fumbo mbele ya hadhara, na sasa watu wanangoja. Ubunifu wake ni jibu. Mwondolee mtu wa kumjibu, umwachie vina na mizani peke yake, uone atakachosema.

Hapa ndipo niyaonapo masomo haya kuwa na upungufu, wala sio upungufu ambao watu huutaja. Wengi hulalamika kwamba mwanafunzi ataiga. Na aige. Ninaloogopa ni jingine. Tangu mwaka 1967 Jamey Aebersold alitoa huko Marekani santuri zenye ngoma, besi na piano tu, na nafasi ya solo ikaachwa wazi ijazwe na mwanafunzi nyumbani kwake. Mtandao umeizidisha neema hiyo mara elfu. Lakini wale wapigaji waliomo ndani ya santuri hawamsikii. Akipiga vizuri, huendelea vile vile. Akipiga vibaya, huendelea vile vile. Akinyamaza, hawamgojei wala hawamuulizi ana nini. Mtu akikaa mwaka mzima na watu wa namna hiyo, hujifunza bila kujua kwamba kupiga ni kusema tu, na kwamba mwenziwe ni sakafu ya kukanyagia. Sidhani kuwa hili ni kosa la muziki peke yake. Ni kosa la adabu.

Nitajibiwa kwamba Charlie Parker naye alijifunza peke yake. Ni kweli, na kisa chake yapasa kusimuliwa chote. Mwaka 1936, akiwa kijana mdogo mjini Kansas City, alipanda jukwaani kupiga pamoja na wakubwa, akapotewa na wimbo, na yasimuliwa kuwa Jo Jones, mpiga ngoma wa Count Basie, alilirusha toazi lake likaanguka sakafuni karibu na miguu yake. Watu wakacheka. Mwaka uliofuata kijana alikwenda milima ya Ozark kwa kazi ya majira ya joto, akachukua santuri za Lester Young, akazisikiliza mpaka akazijua kwa moyo. Aliporudi hakuwa yule. Basi santuri zilimfundisha, wala hazikumsikia hata mara moja. Lakini alipokwenda milimani alikwenda na mlio wa toazi masikioni. Alikuwa peke yake pamoja na hakimu, na huo ni upweke wa namna nyingine kabisa. Sonny Rollins naye, baina ya mwaka 1959 na 1961, alipojitenga na majukwaa akawa akifanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg mjini New York, alikuwa amekwisha kusifiwa mno; hakuridhika na sifa zile, akamchukua hakimu wake akapanda naye darajani.

Wala sitaki nieleweke kuwa nalisifu toazi. Hadithi hii hupendwa na walimu wakali, na kwa sababu mbaya. Twamjua Parker kwa kuwa alirudi. Waliorushiwa matoazi yao wakaziweka saksafoni chini ya kitanda wasizitoe tena, hao hakuna aliyeandika habari zao, na yamkini miongoni mwao walikuwapo wenye neno. Mwalimu wa mtandaoni hamfedhehi mtu, na kwa hilo apewe shukrani yake. Nauliza tu kama yawezekana mtu apate hukumu bila fedheha, na aipate wapi.

Sina budi kukiri kwamba silijadili jambo hili kwa umbali. Kwa muda wa miezi kumi na minne nilijifunza kwa njia hiyo, usiku baada ya usiku, hata nikawa na hazina ya vifungu vilivyopendeza, nami nikavipenda. Kisha nikakaribishwa kwenye mazoezi ya bendi moja hapa mjini. Ilipofika zamu yangu nilivitoa vyote. Sikukosea noti hata moja. Nilipomaliza nilijiona kama mtu aliyelipa deni lake lote kwa mkupuo. Mpiga ngoma, mzee wa makamo ya baba yangu, aliviweka vijiti vyake magotini akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa unamjibu nani?"

Nilimwambia, "Samahani mzee, sikuelewa."

"Nimekuita mara tatu," akasema, akaligusa toazi kwa ncha ya kijiti, mapigo matatu na kimya, ili nijue aliniita kwa maneno gani. Kweli, sikuwa nimemsikia. Nilikuwa nikisikiliza kitakachofuata kutoka kwangu.

Nilirudi nyumbani nikafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa mtandaoni alikuwa ameliagiza tangu somo la pili, nami nikalipuuza kwa kuliona dogo: nilijirekodi kwa simu, kisha nikajisikiliza nikiwa nimeiweka saksafoni mbali. Ni kazi chungu. Mtu husikia mahali alipojaza maneno kwa hofu ya kimya, na mahali alipotoa kifungu cha mtu mwingine kwa kuwa kilikuwa karibu na mkono. Lester Young alishikilia kwamba mpigaji yapasa ayajue maneno ya wimbo anaoupiga. Nilikuwa nikilidhani ni pambo la mazungumzo, hata nilipojisikia nikipiga wimbo wa msiba kwa furaha kubwa.

Juma lililofuata nilikwenda tena. Zamu yangu ilipofika nilipiga noti nne, nikanyamaza. Vipimo viwili vilipita, na nilivihisi kuwa virefu kama siku ya kufunga. Kisha toazi likajibu, mapigo matatu na kimya, nami nikaingia katika kile kimya chake. Yaliyofuata hayakuwamo katika somo lolote nililolipa, ijapokuwa ile nusu hatua ya kipimo cha tano ilikuwapo, nami niliishukuru. Noti mbili zilikuwa mbovu. Sikumwuliza mtu kama ilipendeza, na yule mzee hakusema neno. Aliinua kijiti chake kuelekea kwa mpiga besi, maana ilikuwa zamu yake.