Kabla ya Filimbi ya Kwanza

Ligi haijaanza, lakini kila shabiki wa Malekesa, timu yetu ya Kisangani, tayari ni kocha. Juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, utasikia: “Mwaka huu washambuliaji wetu watawaka!” Hawajacheza hata dakika moja, jamani.

Nacheka, lakini siwakatazi. Mwaka 2010 nani alifikiri Mazembe ya Lubumbashi ingeifunga Internacional ya Brazili 2-0, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu? Kabangu alifunga, Kaluyituka akaongeza. Mazembe ilikuwa na pesa, kweli. Sisi tuna vijana wenye mbio, na midomo mingi.

Tukutane uwanja wa Lumumba. Njooni mapema, kivuli ni kidogo.