Karatasi Kumi na Mbili

Fundi aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nikanyamaza.

Nilikuwa nimechora meza ya kusomea ya binamu yangu, mwanafunzi wa darasa la sita anayetumia kiti cha magurudumu. Mikono ya kiti chake iko sentimita 71 kutoka sakafuni, kwa hiyo niliacha nafasi ya sentimita 73 chini ya meza. Mbao za pembeni zilikuwa na mkunjo, na mkunjo ni mgumu kuueleza kwa namba. Nikaamua kuchapa umbo zima kwa saizi yake halisi ili fundi alilaze juu ya plaiwudi, afuatishe kwa penseli, akate.

Chuoni kuna mashine ya kuchapa A0, karatasi yenye ukubwa wa A4 16, lakini foleni yake haikuwa ya kungoja. Mchoro wangu ulihitaji A4 12 tu. Nikaenda steshenari ya mtaani, nikarudi nazo chumbani, nikapunguza kingo kwa wembe na kuanza kuziunganisha sakafuni kwa gundi. Kila mstari ulimpokea mwenzake. Mkunjo ulianza karatasi ya kwanza ukafika ya mwisho bila kuvunjika. Nilipiga hata picha.

"Nipime?" fundi aliuliza, tepu mkononi.

"Usihangaike, mzee. Hiyo ndiyo saizi yenyewe. Fuata karatasi."

Meza ilipofika nyumbani, kiti kiligonga. Zilipungua kama milimita mbili tu. Fundi akainama, akachungulia, akasema labda msumeno wake ulikula mstari. Angetengeneza nyingine kwa gharama yake. Shangazi akamtupia jicho. "Hutokea," nikasema, na nilijua ninachofanya. Msumeno unaweza kula milimita tatu. Hapo zilikuwa zimepotea 22.

Usiku nilitafuta karatasi moja iliyochapwa mara mbili kwa bahati mbaya. Ilikuwa na mstari wa sentimita 10 ambao huwa ninauweka kwenye michoro kwa ajili ya kuhakiki, na ambao siku ile sikuuhakiki. Rula ikasoma 9.7. Printa ilikuwa imeamriwa ipunguze mchoro uenee ndani ya kingo za karatasi, ikaupunguza hadi asilimia 97. Kijana wa steshenari sikuweza kumlaumu. Kwa barua ya kuombea kazi, huo ni msaada.

Kilichoninyima usingizi ni jinsi zile karatasi zilivyopatana. Zote 12 zilipungua kwa kiwango kimoja, ndiyo maana hakuna kiungo kilicholalamika. Wanafalsafa wamebishana miaka mingi kama ukweli ni kauli kupatana zenyewe kwa zenyewe, au kupatana na mambo yalivyo. Darasani niliona ni ubishi wa watu wenye nafasi. Kumbe nilikuwa nimechagua upande: niliziomba karatasi zitoleane ushahidi, nikamwambia aweke tepu chini mtu pekee aliyetaka kuuliza plaiwudi.

Na pale sebuleni mambo yalipatana vilevile. Mimi msomi wa shahada ya uzamili, yeye fundi wa uchochoroni. Kosa likajua pa kwenda bila kuelekezwa. Shangazi aliamini. Fundi mwenyewe aliamini. Hilo la fundi ndilo baya zaidi, maana mtu aliyekata sawasawa juu ya mstari alilala akiudhania vibaya mkono wake.

Asubuhi nilimkuta ameshaegemeza plaiwudi mpya ukutani, karatasi zangu zimebandikwa juu yake, penseli imefika nusu ya mkunjo.

"Mzee, simama kwanza. Hukukosea. Karatasi ndizo fupi, na mimi ndiye niliyekukataza kupima."

Aliutazama mstari alioanza kuuchora. Kisha akaibandua karatasi taratibu bila kuichana, akaikunja, akaiweka juu ya vumbi la mbao. Akavuta tepu na kunipa ncha yake.

"Shika hapo. Usilegeze."