Lipa Deni Kwanza

Andiko: 2 Wafalme 4:1–7

Neno hili lilinipiga mimi kwanza kabla sijawaletea ninyi.

Baba alipofariki, mimi kifungua mimba ndiye niliyepekua koti lake. Nikapata daftari. Kwa mkono wake alikuwa ameandika: deni la mtamba, shilingi 18,000, na jina la mama jirani yetu. Nikalitia mfukoni. Siku ya mazishi, mzee wa kijiji alipotangaza kwamba anayemdai marehemu aone familia, nilinyamaza. Wiki mbili baadaye yule mama akaja. Nikamwuliza, "Mama, uko na ushahidi gani?" Akasema hana, waliaminiana tu. Akaenda zake. Ushahidi nilikuwa nao mimi!

Sasa mtazame mjane wa andiko letu. Mumewe alimcha Mungu, lakini alikufa na deni, na mdai alikuja kuchukua wanawe wawili. Vyombo vilipojaa mafuta, Elisha alimpa utaratibu: auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Mdai kwanza, jikoni baadaye.

Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inamtaka msimamizi wa mirathi alipe gharama za mazishi na madeni kabla ya kugawia warithi. Ukiomba usimamizi, ombi hutangazwa kwenye Gazeti rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Lakini niambie, ni mama mboga gani anasoma hilo Gazeti? Wewe mwendee!

Kwa hivyo, mpendwa, ukifiwa:

1. Tangaza mazishini, kanisani na kwenye chama cha marehemu. Taja mtu wa kuonwa na siku ya mwisho.
2. Pekua madaftari na risiti. Iandikie benki na sacco. Pita dukani na kwa fundi.
3. Anayedai, msikilize kwa heshima. Omba ushahidi, maana matapeli pia wako. Lakini kama ushahidi uko kwako, utoe.
4. Lipeni kutoka kwa mali ya marehemu, mtu atie sahihi, ndipo mgawane.

Mimi nilichelewa. Nilipowaonyesha ndugu zangu lile daftari, mmoja akasema, "Si hakuna mtu anajua?" Nikamwambia Mungu anajua. Yule mtamba alikuwa amezaa; tukauza ndama, tukajazia kwa mahindi ya baba. Mama akahesabu pesa, kisha akaniambia, "Mchungaji, ni wewe ulinifanya niache kuja kanisani."

Bado hajarudi. Ninamwombea, na ninajiombea.

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kufungua daftari tuliloficha. Usituache tule urithi wenye kilio cha mtu ndani yake. Katika jina la Yesu, Amina.