Je, Chozi ni Mwizi?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane swali ambalo kijiweni wataliona la kitoto: ndege anaweza kuwa mwizi? Simsemi mwewe anayebeba vifaranga, yule hata hajifichi. Namsema chozi, kale kandege kenye mdomo mrefu uliopinda, kanakong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji.

Kuanzia milima ya Wamatengo kule Mbinga mpaka Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, chozi wapo wa aina kadhaa. Anayetambulika upesi ni yule dume mweusi mwenye kidari chekundu. Jike wake ni wa kahawia tu, utampita bila kugeuka. Uzito wake haufiki gramu 20. Ulimi wake ni kama mrija, na ndio anaonyonyea mbochi, yaani yale maji matamu ya ua. Makinda yake lakini huyalisha wadudu na buibui, maana sukari peke yake haijengi mwili.

Sasa kesi yenyewe. Chozi akiingiza mdomo kwa mbele, chavua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine. Hiyo ni biashara halali: ua limetoa sukari, limepata uzazi. Lakini ua likiwa refu kama tarumbeta, mdomo haufiki, bwana mkubwa hahangaiki. Anatoboa ubavuni karibu na kikonyo, ananyonya, huyoo! Chavua hakuigusa. Wataalamu wa viumbe wenyewe wanakiita kitendo hicho wizi.

Wengine watasema: ndege hana nia, na bila nia hakuna wizi. Sawa, ila ua halijali nia. Lililotobolewa limetobolewa. Wengine watasema: kosa lake ni kuchukua bila kulipa. Hapo mimi nakataa. Tazama mgomba. Chozi hunywa sana kwenye ua lake, na ndizi zetu za kula hazihitaji chavua ili zikue. Anakunywa bure, na mwenye shamba hapungukiwi hata ndizi moja. Huyo utamwita mwizi? Kumbe kutolipa si wizi. Wizi ni kumwachia mwenzio pengo ambalo hakuliridhia.

Na chozi si mjinga wa hesabu. Frank Gill na Larry Wolf walimchunguza chozi mwenye mabawa ya dhahabu huko Kenya, na katika makala yao ya 1975 walieleza kwamba hulinda kichaka chake cha maua pale tu faida inapozidi nguvu anazotumia kufukuza wenzake. Hesabu safi, lakini ina upande mmoja tu, wa kwake. Ua halimo. Kwa ndege hiyo si lawama. Kwa mtu je?

Mbinga kuna kitu kinaitwa magoma. Mkulima ana shida ya ada au ya matibabu. Anapewa vijisenti kahawa ikiwa bado mbichi mtini, msimu ukifika analipa kwa kahawa, tena kwa bei ya kutupa. Mkopeshaji atakwambia walikubaliana. Ni kweli, walikubaliana. Lakini mtu ambaye mwanae yuko kitandani hospitali anakubali au anashindwa kukataa? Huko ndiko kutoboa ubavuni. Na mkopeshaji, tofauti na chozi, upande wa pili wa hesabu anaujua vizuri sana.

Nasi waandishi chipukizi tusijitoe. Tunakwenda kijijini kwa bibi, tunanyonya hadithi zake usiku kucha, tunarudi mjini kuzichapa kwa majina yetu. Mi sisemi tuache. Chozi asiponyonya atakufa, na mwandishi asiyesikiliza watu naye hana cha kuandika. Nauliza tu tunapitia wapi. Je, bibi anajua kuwa tunaandika? Jina lake limo? Kuna siku tutarudi kumsomea, atucheke au atusahihishe?

Wewe mwenzangu unayeandika, unasemaje? Daftari lako limejaa maneno ya nani?