Divai ya Siku ya Jumanne

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kitu kizuri huwekwa. Sahani za kaure hungoja mgeni, kuku hungoja sikukuu, na divai hungoja harusi au altare. Ndiyo maana mtu wa Liparamba anayeweka chupa ya divai kando ya ugali na usipa siku ya Jumanne huonekana ama anajipandisha, ama ameanza kupotoka. Mimi huiweka, na nadhani nina haki. Lakini haki hiyo yataka kuelezwa. Sitaki kujificha nyuma ya arusi ya Kana. Ile ilikuwa arusi, nami nazungumzia Jumanne.

Divai yenyewe si ya fahari. Ni nyekundu ya Dodoma, ile ya bei ya chini kabisa dukani, nayo hutufikia baada ya kupita Iringa, Njombe, Songea na Mbinga. Mizabibu ilipandwa Bihawana katika miaka ya 1950 na wamisionari Wakatoliki, na Misa, kama tujuavyo, haikubali kinywaji kingine ila tunda la mzabibu. Jua la Ugogo liliipenda kazi hiyo hata zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo asilolipata mkulima wa Ufaransa. Lakini mkulima wa Dodoma hawezi kuishi kwa kikombe cha padri peke yake. Ili auze, lazima wapatikane watu wa kuinywa siku zisizo na jina.

Wanaosema kwamba ubaya wa kinywaji ni urahisi wake hunikumbusha viroba. Mpaka Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, pombe kali iliuzwa katika kifuko cha plastiki kinachoingia mfukoni, kwa bei ndogo kuliko divai yangu. Lakini nilichokichukia mimi katika kiroba si bei. Kilitengenezwa kisihitaji glasi, wala mwenzi, wala chakula. Na kilabuni ni vivyo hivyo fedha za kahawa zinapotoka: baba husimama huko na tumbo tupu, mama na watoto wanangoja nyumbani, na kinachonywewa ni cha bei rahisi vilevile.

Divai mezani huenda kwa mwendo wa ugali. Tonge, samaki, funda moja. Ule ukali wake hukata mafuta ya usipa, na chumvi ya usipa huupunguza ukali. Mke wangu hunywa nusu glasi na kusema ni kama ukwaju uliosahauliwa, kisha huomba tena kidogo. Chupa hukaa siku tatu. Ya nne imechacha, nayo huingia katika sufuria ya nyama. Chakula ndicho kinachoipimia.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa katekista. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mwanawe aliyeuawa na pombe alianzia mezani kwa baba yake. Walikuwa wakikaa Njombe, na ulanzi mbichi wa asubuhi, ulio mtamu kama maji ya muwa, huonjeshwa hata watoto. Meza ilikuwapo, chakula kilikuwapo, na baba alikuwapo.

Sina jawabu la kumpa mzee huyo, wala sidhani hoja yangu ingekuwa na adabu mbele ya kaburi la mwanawe. Wapo ambao hakuna meza iwezayo kuwalinda, na hatuwajui mapema. Hata hivyo sijaiondoa chupa, kwa sababu sioni kwamba kuificha kungemfundisha mtoto wangu lolote ila kwamba kinywaji ni kitu cha mafichoni. Kwetu watoto hawaonjeshwi, hata wakililia. Wala chupa ikiisha hainunuliwi nyingine kabla mbolea na sare za shule hazijalipiwa. Mwezi wa Januari, kwa hiyo, tunakunywa maji.