Kijana Aliyeanguka Kaitaba

Dominika ya pili ya Majilio, tarehe 4 Desemba 2016, vijana wa timu ya Mbao ya Mwanza walikuwa ng'ambo ya ziwa, mjini Bukoba, wakishindana na vijana wa Mwadui katika ligi ya taifa ya wachezaji wasiozidi miaka 20. Uwanja ulikuwa Kaitaba. Miongoni mwao alikuwamo Ismail Mrisho Khalfan, mwenye umri wa miaka 19. Siku hiyo alifunga goli. Kabla ya mchezo kwisha alianguka, asiinuke tena. Aliyeondoka nyumbani mzima hakurudi mzima.

Wasomaji wapenzi, habari ya namna hii ikifika kwetu Mabatini hukimbia nyumba hadi nyumba, ikipanda mawe na kushuka, na kabla ya jioni imekwisha kupata kifuniko chake. Kifuniko hicho ni maneno ambayo kila Mkristu na kila Mwislamu wa hapa ayajua: kazi ya Mungu haina makosa. Yakisemwa hayo, watu hunyamaza, huinama, huenda zao.

Nasi twayakubali. Ni maneno ya imani, na aliyefiwa akiyatamka katikati ya machozi yake, hayo ni sala kubwa kuliko nyingi tuzisomazo vitabuni. Lakini yatupasa kuangalia yasemwa na nani, tena kwa faida gani. Mama mfiwa akiyasema, amejiweka mikononi mwa Baba. Sisi tuliosimama kandokando ya uwanja tukiyasema upesi, mara nyingi si sala tena. Ni njia ya kwenda nyumbani mapema. Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi yetu inayo, tena mengi, wala si haki kuyavika makosa hayo joho la Mwenyezi Mungu.

Tumtazame Bwana wetu Yesu Kristu katika mji wa Naini, kama Mtakatifu Luka alivyotusimulia katika sura ya saba. Alikutana na maiti ya kijana ikitolewa nje ya lango. Mama yake alikuwa mjane, naye huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema kwamba mpango wa Mungu umetimia, ndiye yeye, maana mpango wa Mungu aliujua. Hakusema hivyo. Alimhurumia yule mama, akaenda akaligusa jeneza, na wachukuzi wakasimama. Mambo yote ya kijana yule yalikuwa yamekwisha machoni pa mji mzima. Bwana alikataa kuyaona yamekwisha. Akamrudisha kwa mama yake.

Kipo kisa kingine, nacho hakihubiriwi mara nyingi, labda kwa sababu chatuchoma sisi mapadre. Kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya ishirini. Mtakatifu Paulo alikuwa Troa akihubiri, na mahubiri yakaendelea hadi usiku wa manane. Kijana mmoja jina lake Eutiko, aliyeketi dirishani, akashikwa na usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Waliomwinua walimwona amekufa. Paulo alifanya nini? Alikatisha mahubiri, akashuka ngazi, akajitupa juu ya kijana yule na kumkumbatia. Kisha ndipo akapanda tena, akaumega mkate, akaendelea kusema hata alfajiri. Kwanza kushuka, baadaye mahubiri. Twaomba mpangilio huo ukumbukwe.

Kushuka huko tumekuona hata katika siku zetu. Tarehe 17 Machi 2012, mjini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyepelekwa Uingereza angali mtoto, alikuwa akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Alikuwa na miaka 23. Ghafla alianguka kifudifudi, moyo wake umesimama. Waganga wa timu walimkimbilia. Na jukwaani alikuwapo daktari bingwa wa moyo, amekuja kutazama mpira tu kama mtu mwingine yeyote. Aliacha kiti chake, akashuka uwanjani. Wakambonyeza kifua bila kukoma, wakatumia mashine ya umeme ya kuushtua moyo, pale majanini, kisha garini, kisha hospitalini. Kwa dakika 78 moyo ule haukupiga wenyewe. Dakika 78! Karibu mchezo mzima wa kandanda watu walifanya kazi juu ya kijana aliyeonekana amekufa. Mwaka ule ule aliacha kucheza mpira, lakini aliishi, akawalea watoto wake.

Hatusemi kwamba kila aanguikaye angeweza kuokolewa, wala hatumnyoshei kidole mtu yeyote wa siku ile ya Kaitaba. Twasema hivi tu: wale wa London hawakuwa wacha Mungu kuliko sisi. Walikuwa wamejiweka tayari kuliko sisi.

Wazee wapenzi wa kandanda hawajalisahau jina la Duncan Edwards. Huyu alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Dudley, Uingereza, akaanza kuichezea Manchester United ligi kuu akiwa na miaka 16, na timu ya taifa lake akiwa na miaka 18. Walioshuhudia walisema hawajaona kijana mwenye nguvu na akili ya mpira kama yeye. Naye hakuwa na makuu. Mashabiki walimwona akienda kwa baiskeli kama fundi yeyote, na safari moja mahakama ilimtoza faini kwa kuiendesha baiskeli hiyo usiku bila taa. Tarehe 6 Februari 1958 timu yake ilikuwa ikirudi kutoka Belgrade. Ndege ilitua Munich kutia mafuta, na ilipojaribu kuruka kwa mara ya tatu, ikashindwa, ikavunjika. Watu 23 walikufa kwa ajali ile, wanane wakiwa wachezaji. Duncan aliumia vibaya, hasa mafigo. Waganga wa Kijerumani walimpigania siku 15, na mashine ya kusafisha damu ikaletwa kwa ajili yake. Alifariki tarehe 21 Februari, akiwa na miaka 21.

Mwaka 1961, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko huko kwao Dudley, viliwekwa vioo vya rangi vya kumkumbuka. Aliyevizindua alikuwa mwalimu wake wa mpira, Matt Busby, Mkatoliki, ambaye mwenyewe alinusurika katika ajali ile ile baada ya kupakwa mafuta matakatifu. Mwaka 1999 mji ukamsimamishia sanamu. Hayo ni mema. Lakini kumbukumbu iliyotugusa zaidi ni nyingine. Baada ya mazishi watu hawakuacha kuuliza. Kwanza lawama alitwikwa rubani. Swali likaendelea zaidi ya miaka kumi, hata mwaka 1969 uchunguzi ukamwondolea rubani lawama na kuonyesha kwamba tope la theluji lililolala juu ya njia ya kurukia ndiyo lililoinyima ndege mwendo. Watu wale walisali, wakalia, wakaweka vioo kanisani. Na huku wakaendelea kulichunguza lile tope. Hakuna aliyeona kwamba kulichunguza tope ni kumtilia Mungu mashaka.

Vivyo hivyo, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipokufa uwanjani huko Lyon mwezi wa Juni 2003, wakubwa wa mpira wa dunia walijiuliza, na kwa Kombe la Dunia la mwaka 2006 wakaanzisha upimaji wa afya wa wachezaji kabla ya mashindano. Vijana waliopimwa tangu hapo hawakumjua Foé, lakini wanakula matunda ya kifo chake.

Je, ni nani anayekula matunda ya kifo cha kijana wetu?

Kitabu cha Hekima, katika sura ya nne, chatufariji juu ya wenye haki wafao mapema. Chafundisha kwamba maisha mafupi yaweza kuwa yamejaa, na kwamba Mungu hapimi kwa kalenda kama sisi. Twaamini hivyo kwa moyo wote, na kwa imani hiyo twawaombea marehemu vijana kila tunapoadhimisha Misa. Kijana wa miaka 19 hakupungukiwa kitu mbele ya Mungu kwa kuwa hakufika 70. Lakini sura ile iliandikwa kuwafariji waombolezaji. Haikuandikwa kuwapumzisha walinzi.

Maana mwili wa kijana ni amana. Mtakatifu Paulo awaambia Wakorinto kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na Baba Mtakatifu Pius XII, akizungumza na wanamichezo wa Italia mwezi wa Mei 1945, aliusifu mchezo kwa kuwa waweza kuufunza mwili kuitumikia roho. Hekalu hili la miaka 17, 18 au 19, lenye mapafu mazuri na miguu myepesi, twalishangilia kila jioni katika viwanja vya vumbi. Twaweka dau juu yake. Twagombana kwa ajili yake. Twalitabiria Simba na Yanga, hata Ulaya. Lakini ni nani amewahi kumwuliza kijana huyo kama amepata kuzimia akikimbia? Kama kifua humbana? Kama katika ukoo wake yuko aliyekufa ghafla angali kijana? Hayo matatu waganga huyauliza kwanza, nayo hayahitaji mashine wala fedha, yahitaji mtu mzima mwenye upendo na dakika kumi. Kijana mwenyewe hatasema, maana aogopa kunyang'anywa namba yake. Na akizimia, husikika minong'ono kwamba timu pinzani imemroga. Basi badala ya kupelekwa kwa mganga wa moyo apelekwa kwa mganga wa hirizi, na wiki ijayo yumo uwanjani tena. Huo ni ushirikina, na twaukemea kama dhambi. Nao ni hatari ya mauti.

Parokia zetu zina timu za vijana, na mashindano ya somo wa parokia hayapiti bila mpira. Twawaomba walezi wa timu hizo mambo machache. Kabla ya msimu, yaulizwe yale maswali matatu, na atakayejibu ndiyo kwa lolote apelekwe kupimwa kabla hajavaa jezi. Kutoka Mabatini hadi Bugando si safari, na hospitali ile ni ya maaskofu wetu. Katika kila timu wawepo watu wawili waliofunzwa na mganga namna ya kubonyeza kifua: mikono miwili katikati ya kifua, kwa nguvu, upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kumwagia maji na kupepea kwa fulana hakuamshi moyo uliosimama. Na umati usimzingire. Vijana wa Lejio wajuao kupanga watu kwenye maandamano ya Ekaristi wanaweza kuwapanga hata uwanjani. Katika timu hizi anayesali Ijumaa na anayesali Dominika hupeana pasi, basi ulinzi huu ni wa wote.

Jambo la mwisho ni gari. Siku ya mchezo mwenye gari mmoja aombwe kulileta, hata kama ni kuukuu. Liegeshwe mbele yake ikielekea barabarani, pasiwe na bodaboda wala meza ya karanga njiani, na ufunguo ashike mtu ambaye wachezaji wote wamjua kwa jina.